Vikao Kumi na Jagi la Maji

Nantes, 24 Novemba 1988

“Vikao kumi tu, na kila mama anarudi kama alivyokuwa.”

Hayo ni maneno ya mkunga wako, Nadège, kama ulivyoyanakili katika barua yako na kuyapigia mstari kana kwamba yametoka kwenye Injili. Ni uongo, na nitakueleza ni uongo wa aina gani. Lakini kwanza nikusalimu, mama yako asije akasema shangazi yako hana adabu.

Hujambo, mwanangu? Coralie hajambo? Picha imefika. Pua ni ya babako, maskini, ataizoea. Huku mvua haijakatika tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote. Régis ameniandikia kutoka Kanada mistari minne, mitatu kati yake ni ya theluji. Mama yako alinipigia simu Jumapili, nami nikaiacha iite mara kumi kabla ya kuinua, unajua ninavyoichukia simu. Bado analalamika magoti. Ginette yule, aliyekuwa akituchezesha sote dansi mpaka viatu vinachanika, kwenye arusi ya binamu yako alikaa kitini toka mwanzo hadi mwisho, mkoba mapajani. Magoti ni adui mbaya.

Sasa mkunga wako. Kwanza, hakuna mtu aliyewahi kurudi kama alivyokuwa, hata kutoka sokoni. Pili, jiulize nani analipa. Serikali. Serikali hiihii, nilipomzaa Régis mwaka 1961, ilinipa kitanda siku saba na kijikaratasi cha kunifundisha kumwogesha mtoto, basi. Leo imegundua ghafla kwamba mwanamke ana misuli chini ya nyonga, na iko tayari kuifanyisha mazoezi mara kumi kwa fedha za umma. Kwa nini? Nimesoma vya kutosha kujua kwamba wakubwa hawamfanyii mwanamke hisani bila kumtupia jicho mume aliyesimama nyuma yake. Wanataka waume warudishiwe mali yao katika hali nzuri. Wanakarabati nyumba kwa ajili ya mpangaji. Ndiyo siri yote, na wewe unaipigia mstari.

Unaniuliza kama uende. Hujaniambia kwa nini unauliza. Jibu langu ni: usiende. Mwanamke anayetembea kilomita kumi na moja kwa siku na mkoba wa barua begani, akipanda ngazi za Thiers kama mbuzi, hahitaji kufundishwa misuli na mtu yeyote.

Nakubusu, wewe na mdogo.
Shangazi yako Odile


Thiers, 6 Desemba 1988

Shangazi mpendwa,

Sisi wazima. Coralie ana kilo tano na robo na analia kama king'ora cha kiwanda. Fabrice wangu amehamishiwa kwenye kung'arisha visu kiwandani, anarudi jioni vidole vyeusi, ananuka mafuta ya mashine. Mama mkwe anakusalimu. Kila Jumapili anakwenda misa na kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na kabla ya wimbo wa mwisho ameshatoka. Anasema ni kwa sababu ya supu jikoni. Simu ya hapa kwake tunapoishi iko ukumbini, hatua mbili kutoka kwenye hiyo supu, ndiyo maana nakuandikia.

Barua yako imenikuta nimekwisha kwenda mara mbili.

Mkunga anaitwa Bi Chassaing. Chumba kina joto, na ukutani kuna picha ya msitu. Anavaa glavu, na kabla ya kila hatua anakuuliza: “Naweza?” Kisha anasema: “Kaza.” Nikakaza. “Hayo ni makalio.” Nikakaza tena. “Hilo ni tumbo.” Mara ya tatu akasema: “Sasa umekunja uso tu, mama.” Tukacheka, nami nikajuta kucheka, utajua kwa nini. Akaniambia nifikirie daraja la ngome linavyoinuliwa. Nikalifikiria. Nililiona vizuri kabisa, na minyororo yake. Hakuna kilichoinuka. Shangazi, mimi naijua kila ngazi ya mji huu, lakini sehemu anayoizungumzia yule mama siioni. Ni kama nimepewa anwani ya mtaa usiokuwepo.

Na wewe unasema ni kwa ajili ya mpangaji. Nimesoma ukurasa huo mara tatu. Sikujua nicheke au nilie, maana mpangaji mwenyewe nimemkimbia. Nalala nimegeukia ukuta.

Haya, nakuambia kwa nini niliuliza. Tangu nimzae Coralie, nikikohoa, nikicheka, nikipanda ngazi naye mkononi, mkojo unanitoka. Si matone. Fabrice hajui. Mama yangu hajui. Tarehe 6 Februari narudi kazini. Njia yangu ya barua niliingojea miaka mitano, na nisiporudi siku hiyo anaipata anayefuata kwenye orodha, nami nitaketi ndani kuchambua barua za njia za wenzangu. Siwezi kubisha hodi kwenye milango ya watu nikiwa nimelowa.

Wewe uliyesimama mbele ya walimu mia mbili mwaka 1963, ukamwaga jagi zima la maji mbele ya katibu wa chama cha walimu na kutoka umenyoosha shingo, baba anatusimulia kila Krismasi, wewe ungefanya nini?

Nadège


Nantes, 11 Desemba 1988

Mwanangu,

Asante kwa habari za nyumbani. Nimekutumia njugu za kuchoma za hapa sokoni, usimpe Fabrice zote. Paka wa jirani amekufa, na jirani anamlilia kuliko alivyomlilia mumewe. Simlaumu, nilimjua mume.

Habari ya jagi babako ameitia chumvi. Tuiache.

Kuhusu lile jingine. Acha kwenda kuvuliwa nguo ili ufikirie madaraja. Ipo njia ambayo mama yangu alinipa, na ni nidhamu tu. Vuta pumzi, ishike. Kaza tumbo lote kwa nguvu kama mtu anayenyanyua gunia la viazi, uhesabu mpaka ishirini. Mara hamsini kwa siku. Asubuhi ya kazi usinywe kahawa, wala maji, wala supu. Ujue kila choo njiani, na saa kila mkahawa unapofungua. Vaa sketi nyeusi, kamwe usivae kijivu, kijivu hakina huruma. Chukua ya akiba, uikunje ndani ya gazeti. Chafya ikija, bana mapaja kwanza, halafu ndiyo upige. Ukicheka, cheka umekaa. Watu watasema una maringo. Waache waseme.

Unaona? Huhitaji Serikali.

Odile


Thiers, 8 Januari 1989

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Njugu zilikuwa tamu, na samahani kwa kuchelewa. Coralie alikuwa na mafua, nami nikaambukizwa, na sitaki kukueleza wiki ile ya kikohozi.

Niliacha kwenda kwa Bi Chassaing baada ya kikao cha tatu. Nafanya chako. Mara hamsini kwa siku, bila kukosa hata sikukuu. Wakati wengine wanakula kuku wa Krismasi mimi niko chooni nahesabu mpaka ishirini, uso mwekundu, mama mkwe anagonga: “Nadège, umezimia humo?”

Imezidi kuwa mbaya. Jioni nahisi uzito chini, kama yai linataka kushuka. Nikikaa linapungua, nikisimama linarudi. Sasa sielewi kitu. Mkunga anasema juu, mimi sioni juu. Wewe unasema nidhamu, na ninayo. Labda hamsini hazitoshi? Labda nimeharibika moja kwa moja na hakuna mwenye moyo wa kuniambia? Zimebaki siku ishirini na tisa.

Jana nilijaribu kumuuliza mama mkwe. Tulikuwa jikoni, wawili tu. Akasema, “Mimi nimezaa wanne, na siku ya nane nilikuwa shambani.” Nikamwambia, “Na wewe mama, baada ya hapo, hukuwahi…” Akasema, “Sikuwahi nini?” Akashika kisu akaanza kumenya viazi. Vilikuwa vimeshamenywa, Shangazi. Alimenya viazi vilivyomenywa mpaka vikawa kama njugu zako.

Na nina swali. Habari za kubana mapaja kabla ya chafya, na kijivu kutokuwa na huruma, hayo yote umeyajuaje?

Nadège


Nantes, 13 Januari 1989

Nadège,

Huku wazima. Baridi.

Ongeza mpaka mara mia. Hapana, usiongeze. Acha kabisa. Nimeiandika barua hii mara nne, na tatu ziko kwenye kikapu. Mimi bado nasema kwamba anayelipa ndiye anayenufaika, na hakuna aliyewahi kunijibu hoja hiyo. Lakini hilo yai silijui. Halikuwa kwenye niliyo… Mama yangu hakutaja yai.

Nenda ukaonwe. Kwa daktari, au kwa yule wa madaraja, unavyotaka. Nenda wiki hii.

O.


Thiers, 25 Januari 1989

Shangazi mpendwa,

Sote wazima, Coralie ameanza kugeuka mwenyewe na anashangaa kila mara. Theluji imefika kwenye vibaraza. Baba anauliza kama utakuja Pasaka.

Nilirudi kwa Bi Chassaing siku niliyopata barua yako. Hakunikaripia. Akasema, “Nionyeshe unachofanya nyumbani.” Nikashika pumzi, nikakaza, nikahesabu. Sikufika sita. “Simama hapohapo. Unasukuma.” Nikamwambia, hapana, nakaza. Akasema, “Unasukuma, mama. Umefunga pumzi, umekandamiza tumbo, na uzito wote unashuka kule chini kunakotakiwa kupumzishwa. Uko leba bado. Ni kama kusimama juu ya mtumbwi uliotoboka ukauambia uelee.”

Kwa hiyo mwezi mzima, mara hamsini kwa siku, nilikuwa namzaa Coralie tena na tena, wakati Coralie yuko chumbani analala.

Akaniuliza, “Nani alikufundisha hivi?” Shangazi, unisamehe. Barua yako ya Desemba ilikuwa kwenye mkoba. Niliona aibu kueleza, nikampa. Akaisoma amesimama, miwani puani. Hakucheka hata kwa paka. Alipofika kwenye sketi nyeusi alirudia. Kisha akaikunja polepole kama mtu anayekunja nguo ya mwenzake.

“Shangazi yako ana umri gani?”

“Hamsini na mbili.”

“Mwambie bado nafasi ipo.”

“Nafasi ya nini?”

Akanirudishia barua, akasema tuendelee. Naandika kama alivyosema. Sijui nimeelewa nini.

Kikao kile aliacha madaraja. Akaniambia, “Pumua nje, taratibu, kama unapoza supu. Na wakati pumzi inatoka, vuta juu, kama mtu anayezuia upepo asiaibike kanisani.” Hilo nalijua, kila mtu analijua. Na Shangazi, kikainuka. Kidogo sana, kama ncha ya sikio inavyosogea ukijaribu kuichezesha. Akasema, “Hapo. Ndiyo hiyo.” Nikalia kwa sababu ya kitu kidogo kama ncha ya sikio. Sikujua kuwa kilikuwepo muda wote.

Zimebaki siku kumi na mbili. Anasema siku kumi na mbili hazitoshi, itachukua miezi. Anasema kazini niende, lakini nimwambie mkuu wangu. Nitamwambia nini? Nisaidie maneno, wewe ndiye mwenye maneno.

Nadège


Thiers, 20 Februari 1989

Shangazi mpendwa,

Karibu wiki nne na hujajibu. Mimi ni tarishi, najua barua haichukui wiki nne kutoka Nantes. Kama umekasirika kwa sababu nilimwonyesha mkunga barua yako, sema umekasirika. Mama anasema na simu pia huinui.

Sote wazima. Nakueleza ya tarehe 6.

Kwa mkuu sikusema. Nilivaa pedi mbili na suruali nyeusi, sikunywa kahawa, kama ulivyofundisha. Saa tatu na nusu nilikuwa kwenye ngazi ndefu za nyuma ya soko, mkoba umejaa, theluji imekanyagwa ikawa kioo. Mzee Gouttebaron, mnoa visu aliyestaafu, alikuwa dirishani. Akaniita, “Nadège, umerudi! Yule kijana waliyemleta alikuwa ananipa barua za kodi tu. Wewe ukija naletewa barua za mapenzi.” Nikacheka. Nilisahau kukaa, nikacheka nimesimama, na mkoba begani.

Nilihisi mpaka kwenye soksi.

Shangazi, nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Nilikaa kwenye theluji. Nilijitupa makusudi, kishindo, mkoba ukafunguka, barua zikatapakaa ngazi nzima. Mzee akatoka mbio na ndara zake: “Umeumia, mwanangu? Tazama, umelowa chapachapa.” Nikasema, “Nimeteleza.” Akaniletea taulo na kunisaidia kuokota. Kule posta wakapiga kelele za furaha: “Nadège amesahau kutembea.” Nikacheka nao, nimekaa.

Pale kwenye theluji, kabla mzee hajafika, nilifikiria jagi lako. Sijui kwa nini. Baba anasema ulilimwaga kwa hasira, maji yakakuchuruzika sketi nzima, ukatoka, na tangu siku hiyo hukusema tena mbele ya watu kwa sababu hawakustahili. Nimeisikia hadithi hiyo toka utotoni na kila mara nilimwonea fahari shangazi yangu. Pale chini nikajiuliza tu: mtu akimkasirikia katibu, kwa nini ajimwagie mwenyewe?

Nimefuta sentensi hiyo mara mbili, na mara mbili nimeirudisha.

Jioni ile nilimwambia Fabrice. Akanusa viganja vyake. Kisha akasema, “Mimi nilifikiri ni harufu ya mashine. Nimekuwa naoga kazini kwa maji baridi toka Desemba, na wewe bado unageukia ukuta.” Fikiria, wote wawili tumekuwa tunafichana harufu.

Kesho yake nilimwambia mkuu. Nilisema, “Nimezaa na bado sijapona, naomba mkoba ugawanywe mara mbili mpaka Mei.” Akaandika kitu kwenye daftari, akasema sawa. Hakuuliza. Njia bado ni yangu. Nimefika kikao cha saba. Nalowa bado, ila jana nilipanda ngazi zile zote nikipumua nje kama mtu anayepoza supu ya mji mzima, na nikafika juu mkavu. Leo sikufika mkavu. Bi Chassaing anasema ndivyo inavyokwenda.

Ubatizo ni siku ya Pasaka yenyewe, tarehe 26 Machi. Njoo, au andika. Au nitukane, hata hilo.

Nadège


Nantes, 14 Machi 1989

Nadège, mwanangu,

Salamu kwa wote. Huku mvua imekatika, siku ya tatu sasa, na watu wanatembea wakitazama juu kama wamedanganywa. Régis anasema amempata mchumba, mistari miwili kwa mchumba na miwili kwa theluji, nahesabu hayo kuwa maendeleo. Sikukasirika. Sikujua niandike nini, na hilo halijawahi kunitokea.

Ulikuwa na maswali nami nikakujibu kwa sketi.

Mwaka 1963 Régis alikuwa na miaka miwili. Alivutwa kwa vyuma, kilo nne na nusu, wakanishona na kunipa kile kijikaratasi. Nilikuwa nimezungumza robo saa mbele ya ule ukumbi, na nilikuwa nashinda, Nadège, hilo nataka lijulikane. Katibu alisema walimu wanawake hawana nguvu za kugoma. Nikapaza sauti kumjibu. Sauti ilipopanda, mwili ukaachia. Sketi ilikuwa ya kijivu. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wanatazama uso wangu, lakini kwa sekunde mbili tatu tu, zaidi ya hapo wangetazama chini. Jagi lilikuwa mkononi kwangu. Nikapiga nalo meza na kulipindua tumboni kwangu, halafu nikatoka. Walinipigia makofi. Nilisimama kwenye ngazi za nje nasikia makofi yangu, natiririka maji ya jagi na yasiyo ya jagi.

Babako hakutia chumvi. Mimi ndiye niliyempa hadithi ikiwa imeshatiwa.

Miaka ishirini na sita nimewaambia watu kwamba nilinyamazishwa na chama. Niliandika makala, niliandika barua kwa magazeti, niliwaandikia mawaziri, maana mtu huandika amekaa. Niliigeuza aibu ikawa msimamo. Na wewe ulipokuja na swali la kweli nikakupa ule msimamo, nikakupa na mazoezi yaliyonishinda mimi mwenyewe mara hamsini kwa siku toka ujana wangu. Ningeweza kukugharimu njia yako ya barua. Hilo silifuti kwa kuomba radhi, lakini naomba radhi.

Barua yako ya Februari nilikaa nayo siku tisa. Kisha nikaenda. Daktari aliandika cheti bila kuinua kichwa, nikamshukuru kwa kutoinua kichwa. Mkunga wa hapa ni msichana, anaweza kuwa mwanafunzi wangu. Pale kwenye viti vya kusubiri kulikuwa na kina mama watano na vikapu vyao vya watoto, na mimi na mkoba wangu. Jirani yangu akaniuliza kwa upole:

“Wako yuko wapi?”

“Kanada.”

“Ana muda gani?”

“Miaka ishirini na saba.”

Aliogopa kucheka. Nikamwambia, cheka tu, ila kaa vizuri.

Ndani nilimweleza yule msichana hoja yangu yote: Serikali, waume, mpangaji. Alinisikiliza huku anavaa glavu. Akasema, “Bibi, unaweza kuendelea kubishana, ila bishana ukipumua nje.” Nimekwenda mara mbili. Hakuna kilichoinuka. Nimeona daraja, nimeona supu, nimeona kanisa, sijaona kitu. Anasema kwa mtu aliyesukuma miaka ishirini na sita ni kawaida, na hakuniahidi. Sijui kama itafaa. Nakuambia sijui, na sijazoea kuandika neno hilo.

Bado nasema hakuna anayerudi kama alivyokuwa. Bado nasema mwaka 1961 hawakutuuliza, na kwamba wanapotuuliza leo tuwaangalie vizuri machoni. Lakini nilipigana na mtu asiye adui. Adui alikuwa mezani kwetu, kila Krismasi, kwenye hadithi ya jagi, nami ndiye niliyekuwa namkaribisha.

Pasaka nakuja. Treni ni ya Ijumaa. Ila kuna jambo nitalishindwa kwa mdomo, kwa hiyo nakuomba ulisome wewe, mezani, baada ya nyama ya mwanakondoo na kabla ya lozi za sukari za ubatizo. Wanaume wasiondolewe. Babako aisikie hadithi yake ikirekebishwa, na Fabrice asikie kwamba mafuta ya mashine hayana kosa. Mimi nitakuwa nimekaa pale pale, mtanitazama. Soma kuanzia hapa:

Ginette, wifi yangu, umezaa watatu, na uliacha dansi mwaka aliozaliwa wa tatu. Magoti yako yanapanda ngazi za dari na yanalima bustani, nimeyaona. Marthe, mama mkwe wa Nadège, supu haiungui kila Jumapili ya mwaka. Mimi Odile Vacheron nimevuja tangu mwaka 1961, na nimesema uongo mkubwa kuliko wa kwenu, kwa hiyo sina haki ya kuwahukumu. Nina haki ya kuuliza. Msimtazame Nadège, ameshasema lake. Msitazame sahani. Weka uma chini, Ginette, utuambie ukweli wa magoti. Nawe Marthe, acha hivyo viazi, utuambie hapa, mbele ya huyu mtoto wa kike tuliyekuja kumbatiza, kwa nini unakaa benchi la mwisho karibu na mlango.